Johannes Rebmann: Mtumishi wa Hatua Ndogo

Miongoni mwa watumishi wa Mungu waliotangulia kuihubiri Injili Afrika Mashariki, jina la Mchungaji Johannes Rebmann hutajwa mara nyingi kwa sababu ya mlima. Vitabu vya historia humkumbuka kuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Lakini safari ile ilichukua majuma machache tu, ilhali utumishi wake katika Rabai, karibu na Mombasa, ulidumu miaka 29. Katika miaka hiyo mirefu, isiyo na shangwe wala sifa, ndipo utii wake unapoonekana wazi.

Kuzaliwa na kuitwa

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Alilelewa miongoni mwa Walutheri wa uamsho, watu waliokuwa na desturi ya kukutana majumbani kulisoma Neno na kuomba. Alipata mafunzo katika Chuo cha Misioni cha Basel, Uswisi, kisha akaenda London, akapokelewa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS. Siku zile chama hicho kilikuwa na upungufu wa watumishi Waingereza, nacho kiliwatuma Wajerumani wengi.

Alifika Mombasa mwezi Juni 1846. Huko alimkuta Johann Ludwig Krapf, Mjerumani mwenzake, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amewazika mkewe na mtoto wake mchanga katika pwani ile ile. Mwezi Agosti wawili hao walipanda kwenda Rabai kuanzisha kituo cha misioni. Wote walikuwa dhaifu kwa homa, na walihitaji punda ili kuimaliza safari ambayo mtu mzima wa afya huiona kuwa fupi. Kazi hiyo ilianza kwa mwendo wa wagonjwa.

Safari za Uchagani

Tarehe 11 Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani, Rebmann aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita weupe ule baridi. Rebmann alitambua kuwa ni theluji. Habari hizo zilipochapishwa mwaka 1849, wataalamu waliokaa Ulaya walizikataa, wakisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Miaka ilipita kabla wasafiri wengine, akiwamo von der Decken, hawajathibitisha kuwa alisema kweli.

Mwaka 1849 alianza safari ya tatu, akikusudia kupita Uchagani na kufika Unyamwezi. Katika Machame, Mangi Mamkinga alimwandama kwa madai hata bidhaa zake zikaisha. Rebmann alirudi pwani akiwa mgonjwa na mikono mitupu. Unyamwezi hakuufikia kamwe.

Kubaki Rabai

Krapf alikuwa na ndoto ya mnyororo wa vituo vya misioni kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi. Rebmann, baada ya safari zake, aliona kuwa yampasa kwanza kulima vizuri shamba moja dogo. Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya afya, na mwaka 1855 Jakob Erhardt naye akaondoka. Kwa muda mwingi uliofuata Rebmann alikuwa karibu peke yake.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kujifunza maneno. Alikaa na wenyeji akiuliza, akiandika na kusahihisha. Pamoja na Kiswahili na Kirabai, alijifunza Kinyasa kwa msaada wa Salimini, mtumwa aliyetekwa mbali katika nchi ya Ziwa Nyasa. Neno moja liliandikwa leo na jingine kesho, pasipo hakika kwamba kazi hiyo ingechapishwa siku moja.

Mwaka 1851 alifunga ndoa na Emma Tyler, Mwingereza. Mtoto wao alifariki siku chache baada ya kuzaliwa, na mwaka 1866 Emma naye alifariki. Waumini walikuwa wachache mno. Wa kwanza alikuwa Mringe, mlemavu maskini, na baada yake Abe Gunja. Wageni waliopita Rabai walimwona Rebmann kuwa mtu mwenye huzuni aliyejifungia na vitabu vyake, na lawama hiyo haikukosa sababu, kwa maana upweke ulimwelemea. Hata hivyo hakuacha kufundisha wala kuandika, hata macho yake yalipoanza kupofuka.

Njia iliyopita Mgunda Mkali

Ramani iliyotokana na habari ambazo Erhardt na Rebmann walizikusanya kwa wafanyabiashara wa misafara ilichapishwa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ziwa hilo halikuwa sahihi, lakini ramani iliwaamsha wengi. Burton na Speke walimtembelea Rebmann mwanzoni mwa mwaka 1857, na ilifikiriwa kwamba angefuatana nao barani. Hakufuatana nao. Mwaka huo huo msafara wao uliivuka Mgunda Mkali, nyika ya vichaka vizito kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambamo Itigi imo. Wasafiri walipata sifa ya maziwa makuu, naye Rebmann akarudia orodha zake za maneno.

Mwisho na matunda

Mwaka 1875 aliondoka Afrika kwa mara ya kwanza tangu kufika kwake, karibu kipofu kabisa. Nyondo, mwana wa Abe Gunja, alifuatana naye na kumwongoza. Mwanafunzi alimshika mkono mwalimu. Rebmann alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi yake ya Kinyasa ilitoka mwaka 1877, na ile ya Kinyika, aliyoshirikiana na Krapf, mwaka 1887. Hakuiona hata moja ikiwa kitabu.

Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame, mahali ambapo Rebmann alikuwa amepoteza mali yake yote, nao wakaanza kazi iliyozaa kanisa kubwa. Mwaka 1911 misioni hiyo hiyo ilifungua kazi katika Iramba, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ya Iramba ilipokelewa na Kanisa la Augustana la Marekani. Hivyo ndivyo Injili kwa njia ya Kilutheri ilivyoingia katika eneo la Singida, ikitoka upande ambao Rebmann aliuacha kwa machozi.

Maisha yake hayathibitishi kwamba kila atiiye ataona matokeo. Yanaonyesha kwamba utii hauanzi kwa kuuona mwisho wa safari. Mzee wa kanisa anayemtembelea mgonjwa mmoja, mama anayewafundisha watoto watatu katika shule ya Jumapili, mwinjilisti anayetembea kwa miguu hadi mtaa wenye kaya tano, wote wanafanya kazi ya namna ile ile. Usharika unapohesabu miaka mia moja, majina yaliyoandikwa kwenye mawe ya msingi ni machache. Hatua zilizoufikisha hapa ni nyingi, na nyingi kati yake hazikuandikwa popote duniani. Mungu aliyeziamuru ndiye anayezijua.