William Nylander na tone la dawa

Juu ya mawe, kuta na magome ya miti mizee huota kitu chembamba, cha kijivu, kijani au manjano, ambacho wengi wetu tunakipita bila kukitazama. Katika Kiswahili cha wanabiolojia kinaitwa kuvumwani. Mtu aliyefundisha namna ya kukitambua kwa tone la dawa ni William Nylander.

Nylander alizaliwa Oulu, nchini Ufini, mwaka wa 1822. Alisomea udaktari Helsinki akamaliza mwaka wa 1847, lakini moyo wake ulikuwa kwa viumbe vidogo: kwanza sisimizi na nyuki, kisha kuvumwani. Mwaka wa 1857 akawa profesa wa kwanza wa botania katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka wa 1863 akaiacha kazi hiyo, akahamia Paris, akaishi huko mpaka kufa.

Taabu ya kazi yake ilikuwa moja: kuvumwani nyingi zinafanana mno. Wataalamu walitegemea umbo, rangi na spora zinazoonekana kwa darubini, na mara nyingi walibishana bila mwisho. Mwaka wa 1866 Nylander aliandika kwa Kilatini juu ya kipimo kipya. Alitumia dawa mbili: maji ya potasi, na maji ya chokaa yenye klorini, ndugu ya dawa ya kung'arishia nguo. Unadondosha tone, unangoja kidogo, unatazama rangi. Xanthoria parietina, ambayo ni ya manjano, hugeuka nyekundu ya zambarau ikiguswa na potasi. Za manjano zisizo na kemikali yake hazigeuki hivyo. Kwa hiyo ndugu wawili waliofanana usoni wangeweza kutenganishwa kwa yaliyomo mwilini.

Mwaka huohuo alichunguza kuvumwani za bustani ya Luxembourg, katikati ya Paris. Aliona kwamba zinapenda hewa safi, na kwamba kuwepo kwake kunaweza kuwa kipimo cha afya ya hewa ya mji.

Jicho hilo kali lilikataa kuona jambo moja. Miaka michache tu baadaye, Simon Schwendener wa Uswisi alieleza kwamba kuvumwani si kiumbe kimoja, bali ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Nylander alikataa katakata. Kwake, chembe za kijani zilikuwa kiungo cha mwili wa kuvumwani yenyewe. Aligombana na wataalamu wengi, hata waliokuwa marafiki, akabaki mpweke. Alifariki Paris mwaka wa 1899 bila kubadili neno. Mkusanyo wake, wenye vielelezo zaidi ya 50,000, umehifadhiwa Helsinki.

Wengine waliendeleza kipimo chake. Katika miaka ya 1930 Yasuhiko Asahina wa Japani aliongeza dawa nyingine, na pia njia ya kutambua kemikali kwa umbo la fuwele zake chini ya darubini. Hata hivyo, matone ya Nylander bado yanatumika maabarani na porini.

Sisi wa lugha tuna la kuongeza. Neno letu limeunganisha kuvu na mwani, yaani limempa ushindi Schwendener. Lakini anayetaka kujua kuvumwani aliyoishika ni ipi, mpaka leo huanza kwa tone la Nylander.