Marekani: Lysander Spooner, mwanasheria aliyekataa ulevi kuitwa jinai

Lysander Spooner alizaliwa tarehe 19 Januari 1808 huko Athol, jimbo la Massachusetts. Wakati huo, kijana ambaye hakupita chuo kikuu alilazimika kusomea uwakili miaka mingi kuliko wenzake. Spooner, mtoto wa mkulima, aliona kwamba sheria hiyo inawafungia maskini mlango, akaanza kazi bila kungoja. Mwaka 1836 wabunge wa jimbo waliifuta.

Mwaka 1844 alianzisha kampuni ya kupeleka barua. Posta ya serikali ilitoza zaidi ya senti 18 kwa barua moja kutoka Boston hadi New York. Yeye aliuza stempu 20 kwa dola moja. Mwaka 1845 bunge la Marekani lilishusha bei ya posta, lakini likazibana kampuni binafsi, na yake ikafa. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha kupinga utumwa.

Mwaka 1875, wengi walipodai pombe ipigwe marufuku, aliandika kwamba mlevi na mcheza kamari wanajidhuru wenyewe; jinai ni kumdhuru mtu mwingine au mali yake. Watetezi wa marufuku walisema mlevi huwaacha mke na watoto na njaa.

Spooner alifariki Boston tarehe 14 Mei 1887, akiwa na miaka 79. Marekani ilipiga pombe marufuku mwaka 1920. Magendo na magenge yalistawi, na mwaka 1933 marufuku hiyo iliondolewa.