J. E. S. Moore, mwanasayansi aliyeamini kuwa Ziwa Tanganyika lilikuwa bahari

Katika maji ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, huelea kiumbe mdogo aliye wazi kama kioo. Hana mfupa, hana gamba, hana kichwa. Mwili wake ni mfano wa mwavuli wenye upana wa sentimita mbili hivi, uliozungukwa na minyiri myembamba. Huyo ni konyeza, na jamaa zake walio wengi huishi baharini, takriban kilomita 1,000 kutoka Rumonge. Amefikaje hapa? Swali hilo lilimfanya Mwingereza mmoja ahatarishe jina lake lote la kisayansi.

John Edmund Sharrock Moore alizaliwa nchini Uingereza mwaka 1870 na kusomea elimu ya wanyama mjini London. Wakati huo Tanganyika lilikuwa tayari kitendawili kwa wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1858 John Hanning Speke alikusanya magamba machache ya konokono ufukweni, na yalipochunguzwa London yalionekana kufanana na ya baharini. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliripoti kumwona konyeza ziwani.

Wanyama wasio na uti wa mgongo

Kwa kawaida konokono wa maji baridi huwa na gamba jembamba, laini na lisilo na mapambo. Wa Tanganyika ni tofauti: wengi wana magamba mazito yenye matuta, na mmoja, Tiphobia, ana miiba mirefu kama wa bahari ya joto. Pamoja nao wanaishi sifongo, asiye na mdomo wala tumbo, anayejilisha kwa kuchuja maji kupitia matundu ya mwili wake; konyeza, ambaye tundu lake moja ndilo la kula na la kutoa taka; na kaa na kamba, waliovaa kiunzi chao nje ya mwili na kutembea kwa miguu yenye viungo. Ni namna nyingi za kuumbika bila uti wa mgongo, ndani ya ziwa moja.

Kwa msaada wa Royal Society ya London, Moore alifika kusini mwa ziwa katika safari ya 1895 na 1896, akipitia Ziwa Nyasa. Hakuridhika na magamba matupu. Alitaka wanyama wazima, ili awapasue na kuchunguza neva, moyo na matumbo yao. Sifongo mmoja aliyemkusanya alipewa jina lake, Spongilla moorei.

Mwaka 1899 alirudi pamoja na mpimaji Malcolm Fergusson. Msafara huo, uliotegemea wapagazi Waafrika, ulisafiri hadi ncha ya kaskazini ya Tanganyika, ukapanda bonde la Rusizi mpaka Ziwa Kivu, ukaendelea hadi maziwa ya Edward na Albert. Mwaka 1900 Moore alifika kwenye theluji ya Rwenzori. Katika maziwa yote hayo ya kaskazini hakuwapata wanyama wale wa ajabu. Akahitimisha kwamba, kama bahari iliwahi kuingia Tanganyika, haikupitia huko.

Jibu lililoporomoka

Mwaka 1903 alichapisha kitabu The Tanganyika Problem. Humo alidai kuwa bahari ya kale ilienea kutoka magharibi juu ya bonde la Kongo, ikarudi nyuma na kuacha viumbe wake ziwani. Alilinganisha konokono wa Tanganyika na visukuku vya Ulaya vya enzi ya Jurasiki, iliyokwisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Kwa hesabu hiyo, konokono aliyeokotwa na mtoto kando ya maji alikuwa mabaki hai ya bahari iliyotoweka.

Lilikuwa wazo zuri, lakini halikuwa sahihi. William Cunnington aliongoza msafara mwingine ziwani mwaka 1904 na 1905, na matokeo yake hayakuliunga mkono. Konyeza wa aina hiyo walionekana pia katika Ziwa Victoria na katika mto Niger. Baadaye wanajiolojia walibaini kuwa ziwa lilizaliwa kwa kupasuka kwa ardhi kwenye Bonde la Ufa, yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Uchunguzi wa vinasaba nao umeonyesha kwamba konokono hao ni ukoo wa konokono wa maji baridi wa Afrika.

Basi magamba mazito yalitoka wapi? Watafiti wanawatazama majirani zao, kaa wa Tanganyika, wenye magando makubwa ya kupasulia magamba. Konokono mwenye gamba gumu alinusurika na kuzaa. Mwenye gamba dhaifu aliliwa. Kwa vizazi visivyohesabika, maji baridi yakazaa maumbo ya baharini. Kufanana si lazima kuwe udugu: hapo ndipo Moore alipokosea.

Alichoacha

Jina lake halikuzama. Mwaka 1905, pamoja na John Bretland Farmer, aliingiza katika sayansi neno ambalo wanafunzi wa baiolojia wanalifahamu hadi leo: meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu kwa nusu kabla ya uzazi. Alifanya pia utafiti wa saratani mjini Liverpool. Alifariki mwaka 1947.

Swali alilolishikilia bado lina uzito. Mamia ya spishi za ziwa hili, wakiwemo konokono, kaa na kamba, hazipatikani mahali pengine popote duniani. Nyingi huishi kwenye miamba na mchanga karibu na ufuko, palepale udongo unaomomonyoka kutoka milima ya Burundi iliyokatwa miti unapotua na kuwafunika. Mwaka 2003 Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa, na mamlaka inayousimamia ina makao yake Bujumbura. Viumbe ambao Moore aliwadhania wageni kutoka bahari ya kale ni wenyeji wa hapa, na wakitoweka hapa, hakuna bahari itakayowarudisha.