Msiri, Mwana wa Usumbwa Aliyetawala Katanga

Wasomaji wetu wa upande wa Masumbwe na Ushirombo wameona kwa macho yao jinsi watu wa kila kabila wajavyo katika nchi hii kutafuta dhahabu. Lakini zamani za babu zetu mwendo ulikuwa kinyume. Wasumbwa ndio waliotoka kwao kwenda kutafuta madini katika nchi ya mbali, na madini yenyewe yalikuwa shaba. Miongoni mwao alikuwako kijana mmoja ambaye hakurudi tena, akawa mfalme ugenini. Kwao aliitwa Ngelengwa, lakini ulimwengu ulimjua kwa jina la Msiri.

Alizaliwa Usumbwa yapata mwaka 1830. Baba yake, Kalasa, alikuwa mkuu wa misafara aliyezoea kwenda Katanga, nchi iliyo magharibi ya mto Luapula, kununua shaba. Wenyeji wa huko, ndio Wasanga na jirani zao, walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuri za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Shaba hiyo ilipendwa sana Unyamwezi na Usumbwa, maana ndiyo iliyofuliwa bangili na nyuzi za kuvaa mikononi na miguuni.

Safari ile haikuwa mchezo. Siku hizi mtu akisema amesafiri, pengine ameketi tu, akachukuliwa. Siku zile msafara ulikwenda kwa miguu, na mizigo ilichukuliwa mabegani, kwa maana katika mapori mengi mbung'o waliwaua wanyama. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa ratli sitini hata sabini, na juu ya huo aliongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mbele alikwenda kirangozi, aliyeijua njia na visima. Aliposimama, wote walisimama. Walitoka wakati wa kiangazi, baada ya kuvuna. Njia moja ilishika kusini, ikapita Ufipa, ikazunguka mwisho wa Ziwa Tanganyika, ndipo ikaelekea magharibi hata kwa Mfalme Kazembe, penye mto Luapula. Kila walipoingia katika nchi ya mtemi mwingine walitozwa hongo, na asiyetoa hakupita. Wengine walikufa kwa homa na njaa, wakaachwa kando ya njia, na majina yao hakuna ayajuaye leo. Nasi tumtajapo Msiri, tusiwasahau hao, kwa maana ukuu wake ulianza juu ya mabega yao.

Kalasa alifanya urafiki na wakuu wa Katanga. Hata alipokuwa mzee, mwanawe akaishika njia ile mahali pake, akafika huko kabla ya mwaka 1860 pamoja na Wasumbwa na Wanyamwezi. Wenyeji wakawaita Wayeke, jina la chama cha wawindaji wa tembo. Yasimuliwa kwamba siku zile Wasanga walikuwa wakisumbuliwa na Waluba. Msiri alikuwa na bunduki chache tu, lakini ziliwatosha Waluba kukimbia, kwa sababu hawakuwa wamezoea mshindo wake. Basi wenyeji wakampenda mgeni huyu, wakampa mahali pa kukaa. Hawakujua ya kuwa wamempa na nchi yao.

Kidogo kidogo akawarithi wakuu waliokufa na kuwashinda waliobaki, akakataa na kumtii Kazembe, aliyemruhusu kupita kwake hapo kwanza. Mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya. Misafara yake ilikwenda pande mbili: mashariki kwa njia ya Tabora hata pwani ya Unguja, na magharibi hata Bihe na Benguela penye bahari ya pili. Ilitoka na shaba, chumvi na pembe, ikarudi na bunduki, baruti na nguo. Wayeke waliwafundisha watu wa kule kuvuta nyuzi za shaba, nao ni miongoni mwa walioipeleka lugha yetu ya Kiswahili katika Katanga.

Lakini haifai kuficha neno. Pamoja na pembe walikwenda watu waliofungwa, wakauzwa kama bidhaa. Alioa wake kwa mamia, mmoja wao Maria da Fonseca, mwenye damu ya Kireno. Wageni waliofika Bunkeya waliona mafuvu ya watu juu ya miti ya boma. Wako watu kwetu wapendao kumsifu kwa kuwa alikuwa mtu wetu. Mimi naona Wasanga wana haki ya kumkumbuka vingine.

Mwezi wa Februari 1886 alifika kwake mwalimu wa Injili, Frederick Stanley Arnot, kijana wa Uskoti, ambaye safari yake ilianza Natal mwaka 1881. Msiri alimpokea vema, akamwacha akae, wala hakumdhuru. Wenziwe walimfuata, nao ni Swan na Faulknor, na mwaka 1890 Dan Crawford. Mfalme aliwaheshimu, aliwatumia kama wasomaji wa barua zake, lakini mwenyewe hakuamini. Mwalimu wa shule ya vijijini atawajua watu wa namna hii.

Ndipo Wazungu wakaanza kushindania shaba yake. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja kwa ajili ya Waingereza, na Msiri alikataa kuweka alama yake katika mkataba. Mwaka 1891 Wasanga waliasi, na njaa ikaingia. Katika hali hiyo, tarehe 14 Desemba 1891, ukafika msafara wa Kapteni William Stairs, mtu wa Kanada aliyetumwa kwa ajili ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Stairs huyu aliwahi kupita karibu nasi: mwaka 1889 alikaa pamoja na Stanley kwa mmisionari Mackay huko Usambiro. Sasa alikuja na watu zaidi ya mia tatu, wengi wao wa pwani, akapita Tabora, akavuka Ziwa Tanganyika. Yaani kwa sehemu alifuata njia zile zile za misafara.

Msiri alikataa bendera ya Leopold, akaondoka kwenda kijiji cha Munema. Tarehe 20 Desemba Kapteni Bodson alitumwa kumkamata. Maneno yakawa makali, Bodson akampiga risasi, Msiri akafa papo hapo. Naye Bodson akapigwa na watu wa mfalme, akafa pia. Wayeke wasema kichwa cha mfalme wao kilikatwa na kuchukuliwa. Stairs naye hakufika kwao: alikufa kwa homa huko Chinde, Msumbiji, mwezi wa Juni 1892.

Mwanawe Msiri, Mukanda Bantu, aliwekwa mahali pake chini ya Wabelgiji, akatawala hata alipokufa mwaka 1910. Wayeke wangali wanakaa Bunkeya, na mkuu wao huitwa Mwami.