Frank Weston, Askofu wa Zanzibar

Frank Weston alizaliwa Uingereza mwaka 1871, akafika Unguja mwaka 1898, akafundisha waalimu na makasisi wa Kiafrika. Mwaka 1908 alifanywa Askofu wa Zanzibar.

Mwezi wa Juni 1913 wajumbe wa misheni mbalimbali, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengine, walikutana Kikuyu kutafuta njia ya kushirikiana. Mwisho wake wengi wao wakashiriki pamoja Meza ya Bwana katika kanisa la misheni ya Waskoti, na Askofu wa Mombasa ndiye aliyeongoza ibada. Weston alipopata habari, aliwashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Maana aliona ya kuwa umoja usiosimama juu ya imani na uaskofu ni nyumba isiyo na msingi. Mashindano yakawa makali sana.

Lakini hakuwakimbia ndugu zake. Mwaka 1918 alikwenda mwenyewe Kikuyu, akaketi nao, akatoa shauri lake la namna ya kuungana. Na mwaka 1920, maaskofu 252 walipokutana Lambeth, alisaidia katika kazi ya kutoa wito wa umoja kwa Wakristo wote.

Alifariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924.

Basi sisi tulio wa makabila na desturi nyingi, tusidhani ya kuwa umoja ni kunyamaza. Weston alishika neno lake kwa nguvu, wala hakukataa kuketi na aliyebishana naye. Nasi tukihitilafiana katika baraza la kanisa, tusiondoke kabla ya kusikilizana.