Muyaka, Mtu wa Ubeti Mmoja

Mombasa ya zama za Mazrui haikuwa na gazeti wala redio. Aliyetaka neno lake lienee mjini alilazimika kulitengeneza liweze kuchukuliwa kwa mdomo, kutoka barazani hadi sokoni, kutoka sokoni hadi bandarini, lisipotee njiani. Kazi hiyo aliijua sana Muyaka bin Haji al-Ghassaniy.

Alizaliwa Mombasa mnamo 1776 hivi. Tungo nyingi za kale zilizotufikia kutoka zama za kabla yake ni tenzi ndefu za dini. Muyaka alilichukua shairi akalitia katika mambo ya kila siku: mapenzi, urafiki, vyombo vya baharini, na zaidi ya yote siasa. Ndiyo maana husemwa kwamba yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni.

Mara nyingi ubeti mmoja ulimtosha: mishororo minne, kila mmoja mizani 16, ukikatwa katikati nane kwa nane. Msikilizaji akisahau neno, kina humrudisha. Tena Muyaka hakumwaga kila kitu wazi. Nusu ya maana aliifunga katika fumbo. Nasi twajua tabia zetu, bwana: mtu akilifumbua fumbo huliona ni lake, hawezi kulala nalo mpaka amwambie jirani.

Silaha hiyo aliitumia kuwatetea Mazrui dhidi ya Seyyid Said wa Omani. Lamu nayo ilikuwa na mtunzi wake, Bwana Zahidi Mngumi, na hao wawili walijibizana kwa mashairi katika siku za vita vya Shela, mnamo 1813 hivi, watu wa Lamu walipoyashinda majeshi ya Mombasa na Pate. Lamu ikajiweka chini ya Seyyid Said. Muyaka hakunyamaza. Seyyid Said alipoleta merikebu zake Mombasa, zaidi ya mara moja, tungo za Muyaka ziliwatia watu moyo na kuwachoma waliositasita. Hata hivyo mji haukuokoka. Mwaka 1837 fitina za ndani zilimfungulia Seyyid Said mlango, wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kusafirishwa. Muyaka alifariki mnamo 1840 hivi, Mombasa yake ikiwa chini ya bendera aliyoipinga.

Takriban miaka 40 baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alimsaidia mmisionari Mwingereza W. E. Taylor kuzikusanya tungo hizo, nyingi zikiwa bado vinywani mwa wazee. William Hichens alizichapisha Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu kingine pamoja na maelezo yake. Baadhi ya beti zimefika bila ya kisa kilichozizaa. Twasikia kijembe kimerushwa, wala hatumjui aliyerushiwa.