Wangari Maathai: Binti wa Ihithe Aliyekataa Kunyamazishwa



Ukitoka Nyeri mjini kuelekea Aberdare utafika Tetu, na huko ndiko kiliko kijiji cha Ihithe alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940. Wengi wetu tunamjua kwa miti tu. Lakini miti ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ugomvi wake na wakubwa juu ya haki ya mwanamke, na hiyo ndiyo nataka tuizungumze.

Siku zile msichana kupelekwa shule halikuwa jambo la kawaida. Kaka yake ndiye aliyeuliza nyumbani mbona Wangari hasomi kama wao, na mama akakubali. Akasoma Ihithe, akaenda kwa watawa wa Mathari, kisha Limuru, hadi Marekani. Mwaka 1971 akapata udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kufika hapo.

Basi ungedhani mambo yamenyooka. Wapi! Pale chuoni mhadhiri mwanamke aliyeolewa hakupewa marupurupu ya nyumba sawa na mwanamume, eti mumewe atampa pa kukaa. Hebu fikiria: kazi ileile, shahada ileile! Wangari na wenzake wakapigania hata chama chao cha wahadhiri kiwe cha wafanyakazi. Mahakama ikakataa, ila mengi waliyodai yalikuja kukubaliwa baadaye.

Mwaka 1982 akajiuzulu ili agombee ubunge nyumbani Nyeri. Akazuiwa kwa sababu ya usajili wa kura. Kurudi chuoni, kazi hakuna, na nyumba akatolewa.

Alichobaki nacho ni Green Belt Movement, aliyoianzisha 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake. Akina mama wa vijijini walilia kuni na maji. Yeye akawaambia wapande miti, na kila mche ulioshika walilipwa senti kidogo. Wataalamu wa misitu walicheka, eti mama asiye na diploma atajuaje miche? Kwani shamba lilimwa na nani miaka yote?

Mwaka 1989 akapinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Wabunge wakamtukana, na Rais Moi akamkumbusha kwamba mwanamke wa Kiafrika huheshimu wanaume na kunyamaza. Hakunyamaza, na jengo halikujengwa. Mwaka 1992 akaketi bustanini humohumo na akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Polisi wakawapiga, yeye akazirai; wengi wa wale vijana waliachiliwa 1993.

Watu wa Tetu wakamchagua mbunge 2002, mwaka uliofuata akawa waziri msaidizi wa mazingira, na 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Aliusia asizikwe kwa jeneza la mbao, ndipo likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji.